Gunia Kavu la Karachi

Kuna duka moja Ahero, si mbali na steji, ambako nimetumwa kununua mchele tangu nikiwa wa kutembea peku. Ukitoka mlangoni ukatembea dakika kumi hivi unafika kwenye majaruba, mpunga wa kijani umetandazwa mpaka milima ya Nandi inapoanzia. Lakini ndani ya duka, mchele unaotoka haraka ni wa Pakistan. Gunia limeachwa mdomo wazi, gorogoro imelala juu yake, na ukizamisha mkono punje zinateleza katikati ya vidole zikiwa kavu kabisa, kama mchanga ulioshinda juani.

Nje, pembeni ya lami, Dani yangu ameanika mpunga wake juu ya turubai na anaangalia wingu.

Hiyo picha imenikaa kichwani miaka kadhaa. Gunia la dukani lilipanda meli Karachi, likavuka bahari zaidi ya kilomita 4,000, likashuka Mombasa kwenye lile joto la kufanya hata chumvi itoe jasho, likapakiwa lori, likapanda Mau Summit, likateremka Kericho ambako mvua ya alasiri ni kama kengele ya shule, likafika kwetu kavu. Mpunga wa Dani umesafiri kutoka jaruba hadi kando ya barabara kwa mkokoteni wa punda, na umelowa.

Nilisoma historia chuoni mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha, nitafika huko. Sikutoka na cheti. Nilitoka na tabia ya kuuliza kitu kimefikaje mahali kilipo. Basi tuulize.

Tuanze na uwanda wenyewe. Kano ni kama sahani. Kaskazini kuna ukuta wa Nandi, kusini kuna miinuko ya Nyabondo na Kericho, mashariki ardhi inapanda kuelekea Muhoroni na Koru, na magharibi kuna Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa uliojichomeka ndani ya nchi. Mvua ikinyesha Tinderet, wewe ukiwa Ahero chini ya anga safi kabisa, maji yanakuja kwako kwa njia ya mto Nyando. Ndiyo maana mgeni hushangaa mafuriko yanapofika usiku wenye nyota. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata: ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kandambili, ukilowa unashika gurudumu kama umelipwa. Maji yakishafika hayana haraka. Hayazami chini, hayaendi mbele, yanakaa tu na kuangaliana na wewe.

Wazee waliolima hapa kabla ya skimu walitegemea zaidi mtama na wimbi. Mtama ni zao lenye akili. Unavumilia miguu kulowa, na mvua ikigoma pia unavumilia. Walikuwa na misimu miwili, chwiri ya mvua ndefu na opon ya mvua fupi, na walikuwa na dero. Kama umekulia Nairobi huenda umeona dero kwenye picha tu: kikapu kikubwa mno kilichosukwa kwa matawi, kimeinuliwa juu ya mawe au nguzo, kimevalishwa kofia ya nyasi ambayo unaiinua ukitaka kuchota. Upepo unapita chini yake na mbavuni. Nafaka iliyoingia ikiwa na unyevu kidogo inaendelea kukauka ikiwa ndani, usiku na mchana, na maji yakitembea uani hayaifikii. Ukiifikiria vizuri, dero ni mashine ya kukaushia isiyoomba stima. Naomba uikumbuke, tutairudia.

Dero ikiisha kabla ya msimu, ulikwenda kisuma. Hilo neno la Dholuo ndilo lililozaa jina la Kisumu. Kisuma ni ile safari ya kutafuta chakula kwa kubadilishana: kwenu njaa, kwa wenzako mavuno, unabeba kuku au chungu au mbuzi, unarudi na nafaka kichwani. Palipo na jiji leo palikuwa mahali pa shughuli hiyo. Yaani jiji letu limepewa jina la watu waliotoka nyumbani kwenda kutafuta nafaka. Kila nikipishana na malori ya mchele wa nje yakiingia mjini, nacheka peke yangu ndani ya matatu na abiria wa pembeni anasogeza mkoba wake.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika hapo kwenye soko la kisuma. Ilikuwa imeanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, karibu kilomita 940 kwa jumla. Tuliisoma sote shuleni: simba wa Tsavo, Wahindi, Wanandi kuipinga. Kitu ambacho mwalimu hakukaa nacho ni chakula. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Walikula nini? Sehemu kubwa ya posho yao, mchele, unga, dengu, samli, ililetwa kwa meli kutoka huko huko India na kusukumwa bara nyuma yao kadiri reli ilivyosonga. Kwa hivyo mchele wa kuvuka bahari si mgeni wa jana. Ulikuja na reli yenyewe.

Wakati reli inafika, Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulihamishwa mwaka 1902. Kwa hiyo Reli ya Uganda haikudanganya jina lake, ilifika Uganda kweli, halafu Uganda ikasogezwa. Wazungu walipaita Port Florence. Jina hilo likafa, la wenye njaa likabaki.

Ziwani nako kulikuwa na kazi. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Mombasa, na kwa kuwa reli ilikuwa bado haijafika, vipande vikabebwa na wapagazi mpaka ziwani, vikaunganishwa, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Baadaye zikaja Winifred na Sybil na nyingine. Jaribu kufikiria: umebeba kipande cha meli kichwani, unapanda nacho bonde la ufa, na hujawahi kuona meli.

Vyote hivyo vilihitaji mzigo. Reli tupu inakula pesa. John Ainsworth alipokuja kuwa mkuu wa jimbo la Nyanza mwaka 1907, alisambaza mbegu: mahindi meupe, pamba, na simsim, ambayo kwetu ni nyim. Serikali ilikuwa imeweka kodi ya nyumba inayolipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza kitu au kwa kwenda kufanya kazi ya mtu. Watu wakalima. Wafanyabiashara wa Kihindi, baadhi yao wakiwa wamepewa mashamba Kibos tangu mwaka 1903, wakanunua. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, simsim ya Nyanza ilikuwa ikipanda behewa Kisumu na kushukia Mombasa ikielekea Ulaya. Kisha vita vikaja, vikavuruga meli na masoko, na wakulima wa huku wakajua kwa mara ya kwanza maana ya kulima zao ambalo mlaji wake yuko ng'ambo ya bahari.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu sisi wa bara tunapenda kudhani kwamba bahari ilitufanyia hivi sisi tu. Pwani walikuwa wamesafirisha nafaka karne nyingi kabla ya reli. Pemba ilikuwa ikilisha Mombasa mchele tangu enzi za Wareno, kwa majahazi. Malindi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba yake yalijaza mtama na ufuta majahazini kwenda Zanzibar na Uarabuni. Ukisikia mtu anasema Malindi ilikuwa ghala la nafaka, usisahau kumuuliza nani alikuwa analima: watumwa. Lakini kitu kingine kinanivutia pale. Jahazi lilisafiri na upepo. Kaskazi ikikuleta, unasubiri kusi ikurudishe. Ratiba hiyo ilimlazimu kila mtu kujua ni mwezi gani nafaka lazima iwe imekauka na iko ufukoni. Hakuna nahodha aliyepakia mtama mbichi akakaa nao wiki kadhaa ndani ya tumbo la jahazi. Ungeota, ungechacha, ungetoa joto. Ukavu ulikuwa sharti la safari.

Sisi reli ilitupa safari. Dero ilikuwepo kwa ajili ya mtama wa nyumbani. Kwa ajili ya mazao ya kuuza, hakuna aliyejenga dero.

Mwaka 1961, kuanzia Oktoba, mvua ilinyesha mpaka watu wakaacha kuhesabu siku. Dani alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka ng'ombe wakiwa wamesimama juu ya kichuguu, na baba yake akitembea kwa mtumbwi mahali ambapo jana yake palikuwa shamba. Mvua ile iliinua Ziwa Victoria lote. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na halikurudi lilikotoka kwa muda mrefu sana. Kwa hivyo nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1963, Kano ilipata uhuru ikiwa imelowa. Walioona maji mengi hivyo kwenye ardhi bapa hivyo wakasema: mpunga.

Halikuwa wazo baya. Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji iliundwa mwaka 1966, na mwaka 1969 skimu ya Ahero ilikuwa imeanza kazi. Mfano wake ulikuwa Mwea, ambako mifereji ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950. Kila mkulima alipewa ekari 4 hivi, na hakuitwa mwenye shamba, aliitwa mpangaji. West Kano ikafuata katikati ya miaka ya 1970.

Lakini angalia maji yanavyopita. Nyando inapita chini kuliko majaruba, kwa hivyo maji ya Ahero hupandishwa kwa pampu za stima. Maji ya kuingia yananunuliwa. Maji ya kutoka yaliachiwa mteremko, na mteremko hapa Kano ni jambo la imani. West Kano ni ajabu zaidi: wanapampu maji kutoka ziwani kuyaingiza, halafu wanapampu tena kuyatoa, kwa sababu shamba na ziwa vinakaribia kuwa kimo kimoja. Stima ikikatika, kiangazi mpunga unakufa kiu, na masika unakufa maji. Na mto nao haubaki pale pale. Misitu ya juu ilivyopungua, Nyando ikazidi kuwa nyekundu, ikileta udongo wa watu wa Nandi na Kericho na kuujaza kwenye mkondo wake wenyewe huku chini. Mto uliojaa tope hauna pa kuweka maji. Unayamwaga pembeni. Kwa miongo mingi tumeahidiwa bwawa la Koru-Soin huko juu, la kuyashika kabla hayajatufikia. Nimelisikia jina hilo kwenye mikutano ya kampeni kabla sijajua kusoma.

Katika miaka ya mwanzo ya skimu, kazi yako ilikuwa kulima na kuvuna. Mpunga wote ulikwenda kwa bodi, ikakata gharama za maji, trekta na mbegu, ikakulipa kinachobaki, kikibaki. Wapangaji walilalamika, na walikuwa na haki. Kule Mwea mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliigomea bodi waziwazi na wakaanza kuuza mpunga wao wenyewe. Watu waliuawa kwa risasi katika vurugu zile. Huku kwetu hapakuwa na vita vya namna hiyo, skimu ilizimika tu: pampu zikanyamaza, bili zikarundikana, mwisho wa miaka hiyo hiyo majaruba yakawa malisho. Ilipofufuliwa miaka ya 2000, mkulima alikuwa huru. Auze kwa nani, ni shauri lake.

Sasa ndiyo sehemu ambayo mimi nimechukua muda kuiona. Zamani kukausha na kutunza kulikuwa mzigo wa bodi. Uhuru wa kuuza ulikuja umefungwa pamoja na mzigo huo kwenye gunia moja. Dani alipata uhuru na turubai.

Kiswahili kina maneno matatu mahali ambapo Kiingereza kina moja. Mpunga uko shambani na una maganda. Mchele umekobolewa. Wali uko kwenye sahani. Pesa yote ya Ahero iko kwenye safari kati ya neno la kwanza na la pili, na safari hiyo inaamuliwa na unyevu. Mpunga unapovunwa unaweza kuwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ili ukobolewe vizuri na ukae ghalani bila kuharibika, unatakiwa ushuke hadi asilimia 14 hivi. Ukiukoboa ukiwa na maji, punje zinasagika na kuvunjika, unapata chenga. Ukiuweka kwenye gunia ukiwa na maji, unaanza kupata joto wenyewe, tia mkono katikati ya gunia utashangaa, halafu unageuka njano na kunuka kama soksi. Ukiuanika haraka mno kwenye lami ya saa saba mchana, punje zinapasuka ndani kwa ndani na bado unapata chenga. Kwa hivyo unauanika polepole, unaugeuza kwa miguu, unafukuza kuku, unafukuza boda wanaopita juu yake makusudi, na wingu likitokea Nandi unakunja kila kitu mbio. Halafu unaanika tena kesho. Msimu ukiwa wa mvua, kesho hiyo inaweza kuja mara nane.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani na mkoba mmoja. Nilikuwa mwaka wa pili. Karo ya muhula uliofuata ilikuwa imesimama shambani kwa Dani, inaonekana kwa macho, suke zimeanza kuinama. Zilibaki wiki mbili tatu.

Mafuriko hayakuja kwa kishindo. Niliamka usiku kwenda haja nikakanyaga maji sakafuni, na kandambili zangu zilikuwa zimeshaondoka. Kulipokucha hapakuwa na barabara. Tulihamia darasa la shule ya msingi na majirani, redio ikisema watu wakae umbali wa mita moja na nusu, sisi tukiwa tumelala miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Mwezi wa tano ziwa lilivuka rekodi yake ya mwaka 1964. Hata likitaka kutusaidia, lingepokea wapi maji ya Nyando?

Watu wa mjini huniuliza: si mpunga unapenda maji? Unapenda maji miguuni. Kichwa kinataka hewa. Mpunga wa kawaida ukizamishwa wote kwa wiki moja na zaidi unaoza kama mmea mwingine wowote. Maji yalipopungua tulikuta suke zimelala kwenye tope na punje nyingi zimeota zikiwa bado juu ya suke, vichipukizi vyeupe, kana kwamba mmea umekata tamaa na sisi ukaamua kujipanda wenyewe. Dani alikata moja akalishika muda mrefu. Hakusema kitu. Vyuo vilipofunguliwa sikurudi. Chuo kilinitumia barua pepe mbili, kisha kikanyamaza, nami nikanyamaza.

Kwa muda mrefu nililaumu mvua. Mvua hailipi wakili, ni rahisi kuilaumu. Kilichoniharibia lawama hiyo ni Pakistan.

Mwaka 2022 Pakistan ilifurika vibaya kuliko kitu chochote ambacho Nyando imewahi kufanya. Watu zaidi ya 1,700 walikufa. Jimbo la Sindh, ambalo Karachi ni mji wake mkuu na ambalo hulima mpunga mwingi, liligeuka ziwa kwa wiki nyingi. Niliangalia zile video nikijua sauti ambayo nyumba ya udongo hutoa inapokaa chini. Na bado, mwaka uliofuata, gunia lilikuwa kwenye duka la Ahero. Bei ilipanda, kweli. India nayo Julai 2023 ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, dunia nzima ikahisi. Lakini gunia lilifika, na lilikuwa kavu.

Meli haikaushi kitu. Hilo ndilo nililokuwa nimekosa. Meli hubeba ukavu uliotengenezwa mahali pengine, na kazi yake ni kutouharibu: mifuniko ya ngome haipitishi maji, hewa inaingizwa au kuzuiliwa kulingana na baridi ya nje, na kontena huning'inizwa vifuko vya kunyonya jasho la ukuta wake. Mabaharia wanaiheshimu nafaka kwa sababu nyingine pia, kwamba ikiwa wazi ngomeni hutiririka kama maji. Shehena ikihamia upande mmoja kwenye mawimbi, meli inaweza kulala. Ziko sheria za kimataifa kuhusu hilo peke yake. Lakini kabla ya haya yote mchele ulipita kwenye vikaushio, vinu na maghala ya watu ambao hawakumsubiri Mungu afunge wingu. Wakulima wa Sindh wenyewe wengi ni maskini kama sisi, na waliopoteza kila kitu mwaka 2022 hawakuokolewa na mashine ya mtu. Ninachosema ni kwamba kati ya jaruba na bandari ya Karachi kuna kitu kimejengwa. Kati ya jaruba la Dani na lami kuna punda.

Na hata kuzama kwenyewe kuna watu wamekufanyia kazi. Huko Odisha, mashariki mwa India, kulikuwa na mpunga wa zamani uliojulikana kwa kutokufa mafurikoni. Wanasayansi walitafuta siri yake, wakapata jeni iliyoitwa Sub1, wakaihamishia kwenye mpunga ambao wakulima tayari wanaupenda, na tangu mwaka 2009 mbegu ya Swarna-Sub1 imekuwa ikipandwa India. Ukifunikwa na maji unaacha kukua, unashika pumzi yake, na unaweza kungoja wiki mbili hivi. Wiki mbili. Nilipiga hesabu hiyo usiku niliposoma, na sikulala vizuri.

Bandari ya Kisumu imepakwa rangi. MV Uhuru, ile meli ya miaka ya 1960 inayobeba mabehewa ya treni tumboni, ilirudi kazini mwaka 2019 baada ya kukaa miaka mingi ikiota kutu, na treni ya abiria kutoka Nairobi ikarudi Desemba 2021. Nafurahi, napenda honi yake. Julai 2025 serikali ikaruhusu tani 500,000 za mchele ziingie bila ushuru, na wakulima wakakimbilia mahakamani. Kila upande ulikuwa na hoja yake: nchi inakula mchele mwingi kuliko inaolima, na mkulima aliye na magunia yasiyouzika hawezi kushindana na meli. Nilisoma yote nikitafuta mtu yeyote atakayetaja kukausha. Neno lilikuwa ushuru, ushuru, ushuru.

Kwa hivyo wanaokuja kwetu siku hizi ni mabroka, na nyuma yao malori yenye namba za Uganda. Wananunua mpunga pale pale shambani, hata ukiwa na maji, kwa bei ya mpunga wenye maji. Wanao vinu na sehemu za kukaushia upande wa pili wa mpaka. Wazee hapa wanaapa kwamba mchele huo huo baadaye hurudi Busia ukiwa umevaa gunia jipya. Ni kisuma iliyogeuzwa. Zamani mwenye njaa ndiye aliyesafiri.

Msimu uliopita nilikuwepo. Siku ya tano ya kuanika, lori lilikuwa limesimama chini ya mti na broka ameegemea mlango akichezea simu, hana haraka, anaangalia Nandi kama sisi tunavyoangalia Nandi. Dani aliokota punje moja kwenye turubai akaiweka kwenye meno. Punje kavu hulia, ka. Hii haikulia. Akajaribu nyingine kutoka upande wa pili, akaitema.

"Nyakwara," akaniambia, "yangapi yatatosha kulipa madeni?"

Nikamwambia sita.

"Mpe sita. Matatu yaingize ndani, chini ya kitanda changu, na uyainue juu ya matofali."

Tulipakia sita. Tone la kwanza lilinipiga shingoni nikiwa nafunga kona ya mwisho ya turubai. Matatu yale niliyapanga juu ya matofali mawili mawili, yasigusane wala yasiguse ukuta, ili upepo upite, na Dani akasimama mlangoni akinisahihisha.

Jioni mvua ilipopungua alinituma dukani mchele wa kula. Nusu gorogoro.